Nusu ya Shairi ni Mwitikio: Ushairi wa Siasa Ukitazamwa Kutoka Nakwa

Kikao cha wazee kinapofikia ukingoni, mzee mmoja huanza kusema kwa mapigo. Anaomba mvua, anawaombea watoto na mifugo, anayataka mabaya yaondoke mipakani. Kila anapotua, waliokaa humwitikia kwa pamoja. Wairaqw huiita sanaa hii slufay. Ni sala, ni shairi, na ni siasa pia, maana hapo ndipo neno la mtu mmoja linapogeuka kuwa neno la jamii. Ndugu zao kwa lugha ni Wagorowa, ambao wengine huwaita Wafiome: ni wenyeji wa Babati, na lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiiraqw.

Tumezoea kuianza historia ya ushairi wetu kutoka pwani, kwenye tenzi na hati za Kiarabu. Sina ugomvi na pwani. Lakini aliyekaa Nakwa, hapa mjini Babati, huiona historia hiyo kwa upande mwingine. Mkoa wetu wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko katika sehemu ya Bonde la Ufa yenye mkusanyiko wa lugha usio na mfano barani. Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi. Kidatoga cha Wabarbaig ni cha Kinailoti. Kimbugwe na Kirangi ni vya Kibantu, na si mbali sana wako Wahadzabe na Wasandawe wenye lugha za vidoko. Kiswahili kilipofika kwa watu hawa hakikuwakuta mabubu. Kiliwakuta wakiwa na mabaraza yao, na taratibu zao za kusema na kuitikia.

Uchapaji ulizikuta taratibu hizo na kuzipa uwanja mpana zaidi. Baada ya magazeti ya mwanzo, kama Msimulizi lililoanza mwaka 1888 kule Kiungani, Zanzibar, ndipo mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ilipoanzisha Mambo Leo. Kurasa zake za mashairi ziligeuka kuwa baraza la nchi nzima. Mtu alitupa swali kwa beti za mishororo minne, kila kipande mizani nane, na msomaji wa mkoa mwingine, asiyemjua hata kwa sura, akamjibu kwa bahari ileile. Malenga wa pili akishakubali vina vya wa kwanza, ndipo anapopata haki ya kumpinga. Huo ni ustaarabu mkubwa wa kisiasa, na ulijengwa na makarani, walimu na wakulima chini ya serikali ambayo haikuwapa kura.

Mwaka 1954 unastahili kukumbukwa na kila mpenzi wa fasihi yetu. Tarehe 7 Julai chama cha TANU kilizaliwa, na miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Saadan Kandoro, malenga aliyezoea kuusema ukoloni kwa mafumbo. Mwaka huohuo Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi. Mwaka huohuo tena, Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha. Chama, kanuni za ushairi, na insha: vyote vitatu katika mwaka mmoja. Sidhani kama ni sadfa tupu. Watu waliokuwa wakijiandaa kujitawala walikuwa wakijiandaa pia kusema kwa utaratibu.

Baada ya uhuru, kazi ya kuisema siasa kwa ushairi ilishikwa na mtu wa bara, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, yeye na wenzake wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, waliipeleka siasa jukwaani kwa ngonjera. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za Ukuta ikaanza kutoka mwaka 1970. Aliyesoma shule ya msingi nchini hahitaji kuelezwa: watoto wawili mbele ya mgeni rasmi, sare zimepigwa pasi, mmoja anabisha, mwingine anamfundisha, mikono ikipanda na kushuka kwa kila kina. Mwishoni mbishi anakubali, na uwanja mzima unapiga makofi.

Naipenda ngonjera, na kwa sababu hiyo nasema kasoro yake waziwazi. Ilirithi umbo la majibizano, lakini jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mbishi hakuwahi kushinda. Ubishi wa kweli ulirudi kwa mlango mwingine mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanamapokeo waliwaka, wanamabadiliko wakajibu, na miaka miwili baadaye washairi Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Mgogoro ule uliwachosha wengi, lakini kwangu ndio uliothibitisha kwamba ushairi wetu ulikuwa hai.

Insha haikubahatika hivyo. Shaaban Robert aliiweka pamoja na ushairi katika jalada moja, Insha na Mashairi, akijua kwamba ni ndugu. Sisi tukaifungia kwenye chumba cha mtihani. Mtoto wa Babati anaandika insha juu ya ardhi au ukame, mambo anayoyajua kwa miguu yake, mwalimu anatia alama, daftari linafungwa. Hakuna anayemjibu.

Katika miaka ya 2010 mwanaisimu Andrew Harvey alirekodi sauti za Wagorowa na kuzihifadhi ELAR, hazina ya lugha zilizo hatarini, iliyokuwa London na sasa iko Berlin. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini kinachohifadhiwa huko ni sauti ya msemaji; mwitikio hauwezi kuhifadhiwa kwa niaba ya watu ambao bado wapo. Natamani kuona darasa moja la Nakwa likisikiliza maneno ya wazee wake kwa Kigorowa, kisha likayajibu, kwa Kigorowa au kwa Kiswahili, kwa beti au kwa insha, na mbishi akaachwa abishe mpaka mwisho.