Nani Aliinyamazisha Kompyuta Yetu?

Raspberry Pi yangu ya kwanza niliichoma mwenyewe. Shosho haoni vizuri siku hizi, so nilitaka kumuundia saa ya kumtajia masaa kwa sauti. Nilikuwa na Pi Zero na spika ndogo ya omu 8 niliyong'oa kwenye redio mbovu. Nikaona spika ni waya mbili tu: moja kwa pini, ingine kwa graundi. Manze! Pini hiyo imeundwa kutoa kama miliampia 16. Gawa volti 3.3 kwa 8 uone spika inaitisha ngapi: zaidi ya miliampia 400. Akiba ya miezi mitatu ikaenda hivyo.

Nilijilaumu sana, mpaka niliposoma historia. Sasa lawama nagawa.

Mwaka 1977 Apple II ilitoka na spika ndani yake. Steve Wozniak aliiweka kwa sababu alitaka gemu ya Breakout itoe mlio. Kazi yake ilikuwa rahisi kupita kiasi: programu ikigusa anwani 49200 kwenye kumbukumbu, spika inapiga tik moja. Gusa haraka, mfululizo, na hizo tik zinakuwa noti. 1981 ikaja BBC Micro, iliyoundwa na Acorn ya Cambridge kwa ajili ya kufunza watu kompyuta. Spika ndani, pamoja na chipu ya sauti. Mtoto wa Uingereza aliandika neno SOUND na namba nne, mashine ikalia. Hakuna kununua kitu kingine.

Eben Upton alikua na hiyo BBC Micro. Alipotoa Raspberry Pi na wenzake 2012, kwa dola 35, hata majina Model A na Model B waliyatoa huko. Spika hawakuibeba. Waliacha tundu la iafoni. Pi Zero ya 2015, ya dola 5, ikakosa hata tundu. Pi 5 ya 2023, ambayo ni kubwa na ina nguvu, nayo ikaliondoa.

Najua jibu: tumia HDMI, tumia Bluetooth. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye skrini yake. Kwetu TV ni moja, iko sebuleni, na saa moja jioni ni habari. Jaribu kuchomoa waya uone. Nakubali tundu peke yake halingesukuma spika yangu, ungehitaji amplifaya bado. Ila Zero ya bei rahisi ndiyo mtoto asiye na doo ataanza nayo, na ndiyo bubu zaidi.

Mara ya pili nilinunua amplifaya ya MAX98357A, kidude kidogo kuliko stempu. Inapokea sauti ikiwa bado ni namba, kwa mfumo wa I2S ambao Philips waliutunga 1986. Waya tano: volti 5, graundi, GPIO 18, 19 na 21. Spika inakaa upande wa pili, mbali na pini. Kwenye programu nikatoa sita, maana saa ya kompyuta haijui Kiswahili.

Ikasema "saa nne kamili." Shosho akainama karibu nayo. "Mbona inanong'ona?"

Natafuta spika ya omu 4.