Mrejesho hasi

Ofisini, mrejesho hasi ni mkubwa wako kukuambia kazi uliyoleta haifai. Katika biolojia maneno hayohayo yanataja jambo la heri: breki inayozuia homoni zisifurike mwilini.

Breki hiyo inaanzia kichwani. Chini ya ubongo, katika kishimo cha mfupa usawa wa nyuma ya pua, imekaa tezi ya pituitari yenye uzito wa takribani nusu gramu. Juu yake, ndani ya ubongo wenyewe, kuna haipothalamasi, nayo haizidi gramu chache. Vitabu vya shule huipa pituitari cheo cha tezi kuu, cheo ambacho naona kimezidi kipimo. Sehemu yake ya nyuma ni ghala tu: oksitosini na homoni inayozuia maji yasipotee kwa mkojo hutengenezwa na seli za neva za haipothalamasi, kisha huwekwa pale. Sehemu ya mbele hutengeneza homoni zake, lakini nayo husubiri amri.

Amri hizo ni homoni, nazo hushuka kupitia vijishipa vya damu. Mwanasayansi Geoffrey Harris wa Uingereza aliitetea hoja hiyo katikati ya karne ya 20, na hakukosa wapinzani. Mwaka 1969 ndipo maabara mbili hasimu za Marekani, ya Roger Guillemin na ya Andrew Schally, zilipotambua muundo wa amri ya kwanza. Guillemin alitumia bongo za kondoo, Schally za nguruwe, mamia ya maelfu ya vipande kwa ajili ya homoni ya kupimwa kwa miligramu. Mwaka 1977 wakatunukiwa Nobel, wakiwa bado hawapatani.

Amri waliyoipata inahusu thiroidi, tezi ya shingoni. Haipothalamasi huiamrisha pituitari, pituitari humwaga TSH, na TSH huichochea thiroidi itoe homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Homoni hizo zikitosha damuni, zenyewe hurudi kuzuia pituitari na haipothalamasi, kama boya linalofunga maji tangi likijaa. Zikipungua, kizuizi hulegea na TSH hupanda. Huo ndio mrejesho hasi.

Hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Karatasi ya maabara inasema TSH 38, na pembeni kiwango cha kawaida kinaishia kwenye 4 hivi. Mtu anaona homoni zimemjaa, kumbe mara nyingi ni kinyume chake: thiroidi imedhoofu, na pituitari inazidi kuamrisha tezi isiyoitika. Rovu la watu wa milimani lina asili hiyohiyo. Palipokosekana madini joto, thiroidi ilishindwa kutengeneza homoni za kutosha, TSH ikaendelea kuichochea, ikavimba hadi shingo ikatokeza. Ndiyo sababu ya kutia madini joto kwenye chumvi.

Hasi hapa ni ya hisabati, yaani ya kupunguza, haina lawama ndani yake. Mimi ningechagua mrejesho zuizi, unaojieleza wenyewe, ila hasi imeshazoeleka. Kuna pia kitenzi kuhasi, na maksai anatufaa kwa mfano: akishatolewa korodani, testosteroni ya kurudi kuzuia haipo, na homoni za pituitari zilizokuwa zikichochea korodani hupanda ingawa hakuna tena cha kuchochea.

Mrejesho chanya upo, ila ni nadra. Kichwa cha mtoto kikisukuma mlango wa kizazi, oksitosini huongezeka, uchungu hukaza, kichwa husukuma zaidi, mpaka mtoto atoke.

Dawa nyingi hutegemea breki hii. Vidonge vya uzazi wa mpango huifanya pituitari ipunguze homoni zinazokomaza yai. Anayemeza prednisoloni, dawa inayoiga homoni ya kotisoli, kwa miezi, haipothalamasi na pituitari yake huona kotisoli imetosha na huacha kuziamrisha tezi zilizo juu ya figo, nazo husinyaa. Akiikatisha dawa ghafla kwa kuwa amejisikia nafuu, atakosa kotisoli ya dawa na ya mwili kwa pamoja. Presha inaweza kuanguka hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo daktari humpunguzia dozi kidogo kidogo, wakati mwingine kwa miezi, hadi tezi zile ziamke.