Mvua Ndizo Zilizotufundisha Kuweka Akiba



Mnauliza kikundi kilianzaje. Mimi naanza na mvua za Elnino za 1997 na 1998. Sisi wa Lushoto tuko mbali na bahari, lakini pepo za Bahari ya Hindi zikigonga milima ya Usambara hupanda na kumwaga maji hukuhuku. Mwaka ule udongo uliporomoka, njia ya kijijini haikupitika, kabichi zangu zikaozea shambani. Akiba hata senti sina. Nikauza mbuzi kwa bei ya kutupa.

Miaka kumi iliyopita, tulipoanza kununua hisa, nilimkumbuka yule mbuzi. Nikasema tuweke na mfuko wa jamii pembeni.

Vuli ya 2019 mvua kubwa zikarudi, ukuta wa mwenzetu ukaanguka. Wengine walisema mfuko usiguswe, eti ni wa misiba tu. Tulibishana mpaka jioni, mwisho tukampa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotangazwa huko pwani, hakuna aliyebisha tena: tulizibua mifereji, tukatengeneza matuta, tukahesabu mfuko.

Basi akina mama, mfuko huu msiuchoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwenyekiti