Slaidi za kikao: jinsi ya kutengeneza, kuhifadhi na kugawa faili lako

Baada ya mafuriko ya mwaka 2018, wazee wa kijiji chetu walinituma kwenye kikao cha maoni ya wananchi mjini Garsen. Nilikuwa na slaidi kumi na mbili: migomba iliyolala majini, barabara iliyokatika, na video fupi ya mama mjamzito akivushwa kwa mtumbwi. Nilipochomeka flashi kwenye kompyuta ya ukumbi, herufi zilikuwa zimeparaganyika, na mahali pa video palikuwa na kiboksi cheusi. Tulipewa dakika kumi. Saba nilizimaliza nikihangaika. Mwenyekiti akasema, "Asante, anayefuata." Mama yule hakuna aliyemwona.

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Nafasi hiyo ikija, tusiipoteze kwa sababu ya faili. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kutengeneza

PowerPoint ya Microsoft ndiyo inayojulikana zaidi, lakini programu yake kamili ya kuwekwa kwenye kompyuta ni ya kulipiwa. LibreOffice Impress ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Google Slides nayo ni bure, ila kwa kawaida hutumika ukiwa na mtandao.

Anza na karatasi. Andika mambo matatu: kilichotokea, hasara, na mnachoomba. Kisha kila slaidi ibebe jambo moja. Herufi zisiwe chini ya saizi 24, maana mzee aliyekaa nyuma naye anataka kusoma. Chini ya kila picha andika mahali na tarehe. Bila hivyo, picha ya maji ni maji tu. Slaidi ya mwisho iwe ombi lenu, liandikwe waziwazi.

Kuhifadhi

Bonyeza Ctrl na S kabla hujaandika neno la kwanza, halafu urudie kila baada ya dakika chache. Stima zikipotea, utapoteza kidogo. Lipe faili jina linaloeleweka, lenye mada na tarehe. Ukiliita "mwisho", kesho utakuwa na "mwisho kabisa" na hutajua la kweli ni lipi.

Tangu toleo la 2007, PowerPoint huhifadhi faili likiishia na .pptx, matoleo ya kabla ya hapo yalitumia.ppt. LibreOffice hutumia .odp, lakini inaweza pia kuhifadhi kwa .pptx. Faili likifunguliwa kwa programu nyingine, mpangilio unaweza kubadilika. Kwa hiyo hifadhi nakala ya pili ya PDF. Humo herufi hazihami, ingawa video haichezi.

Kosa langu la Garsen lilikuwa kuiunganisha video na slaidi badala ya kuiingiza ndani ya faili. Faili lilisafiri, video ikabaki nyumbani. Iingize ndani, au uiweke pamoja na slaidi katika folda moja kisha ubebe folda nzima.

Kugawa

Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho visivyozidi MB 25. Picha za simu ni nzito, kwa hiyo zipunguze ukubwa ndani ya programu kabla ya kutuma. Kwa WhatsApp, tuma faili zima kama hati. Usipige picha slaidi moja moja. Flashi usiichomoe kwa pupa. Iambie kompyuta kwanza kwamba unaitoa.

Kabla ya kutuma, angalia kama kuna nambari za vitambulisho au nyuso za watu ambao hawajakubali. Faili likishatoka mkononi mwako, halirudi.

Siku ya kikao

Fika mapema, fungua faili kwenye kompyuta ileile itakayotumika, bonyeza F5 na upitie slaidi zote. Beba nakala tatu: flashi, barua pepe, na karatasi zilizochapishwa.

Kikao kilichofuata nilikwenda hivyo. Stima zilipotea tukiwa slaidi ya tatu. Niligawa karatasi, tukaendelea kuzungumza hadi ukurasa wa mwisho, na safari hii mama wa mtumbwi alionekana na kila aliyekuwa ukumbini.