PUT ama POST? Malaba Ilishajibu Zamani

Wasee, ukianza tu kujifunza kuunda huduma za wavuti, swali hili linakungoja: nitumie PUT ama POST? Wengi watakwambia POST ni ya kuunda, PUT ni ya kubadilisha. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ile nyingine iko huku kwetu mpakani.

Kabla ya 2014, kontena ya Kampala ilikuwa inaandikishwa Mombasa kama mzigo wa kupita, halafu ikifika Malaba inaandikishwa tena upande wa Uganda. Mzigo mmoja, rekodi mbili. Foleni ya malori mnaijua. Mwaka huo ndipo Himaya Moja ya Forodha ilipoanza: mzigo unaandikishwa mara moja katika nchi unakoenda, na ushuru unalipwa ukiwa bado Mombasa. Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ili msafiri asimame upande mmoja tu, ule anaoingia.

Sasa angalia nani anatoa nambari. Kontena ina yake, herufi 4 na tarakimu 7, imeandikwa ubavuni kabla haijapanda meli. Hiyo ni PUT: anayetuma anajua anwani kamili na anasema, "Weka taarifa hizi hapa." Kama hakukuwa na kitu, kinaundwa. Akituma mara tano, bado ni kontena moja. Lakini nambari ya hati ya forodha hutoki nayo nyumbani, unapewa na ofisi. Hiyo ni POST: unakabidhi fomu, seva inaamua itaiweka wapi. Ukikabidhi mara tano, unaweza kuzaa rekodi tano.

Na haya si mambo ya jana. HTTP ya kwanza ya Tim Berners-Lee, 1991, ilikuwa na GET peke yake. Kwa maelezo ya 1996, POST ilikuwa ndani na PUT imewekwa kwa kiambatisho. Kufikia 1999 ilishaandikwa wazi kwamba PUT ikirudiwa, matokeo yanabaki yale yale. POST haikupewa ahadi hiyo.

Kwa nini ujali? Kwa sababu hapa mpakani simu inaruka kutoka mtandao wa Kenya hadi wa Uganda bila kukuuliza. Mama anavuka na nyanya zake, analipa kwa programu uliyoiandika wewe, pesa zinatoka, lakini jibu linapotelea njiani. Programu inajaribu tena. Kama ni POST tupu, amelipa mara mbili, na faida ya siku imeenda. Dawa ipo: simu itengeneze ufunguo wa malipo hayo kabla ya kutuma, seva ikiuona mara ya pili irudishe jibu lile la kwanza.

Na chunga, PUT inabadilisha rekodi nzima. Ukituma nambari ya lori peke yake, jina la dereva linaweza kufutika. Kurekebisha kipande, kuna PATCH tangu 2010.

Kwa hivyo usijiulize tu kama unaunda ama unabadilisha. Uliza nani anatoa jina, na ujumbe ukifika mara mbili, hasara ni ya nani.