Vazi la Mdudu wa Kichocho

Mwenyeji wa Mchikichini ashukaye bonde la Msimbazi huona maji tu. Lakini penye konokono wa kichocho, maji hayo yana adui asiyeonekana kwa macho.

Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo wa kichocho huko Cairo, ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Mlango waingiao haukujulikana. Ndipo mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper wa Uingereza akaonyesha kwamba watoto wa minyoo hutoka katika konokono, wakapenya ngozi ya mtu.

Darubini yaonyesha namna ya umbo lao. Mtoto huyo hafikii milimita moja. Mkia wake una panda, na mwili umejaa miiba midogo mno. Apenyapo ngozi huuacha mkia, huvua utando aliouvaa majini, na kwa saa chache huvaa mwingine wa tabaka mbili, ili mwili wetu usimtambue.

Dawa ya prazikwanteli, iliyotokea miaka ya 1970, huliharibu vazi la mnyoo mzima. Lakini haimkingi mtu arudiye maji yale yale. Basi, tusikojoe majini: mayai ya mnyoo hutoka na mkojo wetu wenyewe.