Malka na Mikataba ya Ardhi Katika Delta ya Tana
Huko Garsen, Waorma huita malka ile njia iteremshayo mifugo hadi Mto Tana, baina ya mashamba ya Wapokomo. Neno hilo limebeba haki nzima ya maji. Malka ikizibwa, mfugaji na mkulima hugombana. Bedford Biofuels ya Kanada ilipokodi maelfu ya hekta kwa kilimo cha mibono ya mafuta, ilifunga mikataba na maranchi. Mkataba humtaka mwenye hati, ilhali malka haina mmiliki mmoja. Mradi huo ulisambaratika. Mwezi wa Februari 2013, kufuatia malalamiko ya wakazi wa delta, Mahakama Kuu iliamuru mpango wa matumizi ya ardhi utungwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Hukumu hiyo yastahili sifa, lakini amri zake zilizielekea taasisi za dola, si makampuni.